Maswali Yenu ya Afya: Mwenzi Anapovunjika Nyonga

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mke wangu mwenye umri wa miaka 74 aliteleza bafuni usiku akaanguka kwa ubavu. Hakuweza kuinuka, na mguu wake wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, vidole vyake vikiwa vimegeukia nje. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba amevunjika shingo ya mfupa wa paja, na kesho yake madaktari walimfanyia upasuaji wakamwekea kichwa cha bandia cha mfupa huo. Siku iliyofuata, hata sijamaliza kushukuru kwamba ameamka salama, walikuja kumsimamisha. Alilia kwa maumivu, nami nikawasihi wamwache apumzike walau siku chache; walinisikiliza siku ile, lakini kesho yake wakarudi. Jambo la pili linanitia hofu zaidi. Ikifika jioni huanza kueleza mambo yasiyokuwapo, huniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki, na hutaka kuchomoa dripu arudi nyumbani. Asubuhi akili humrudia, ingawa huwa mnyonge. Je, amepata wazimu? Je, nilikosea kumwombea mapumziko? Na kwa nini jirani yetu aliyevunjika nyonga aliwekewa skrubu tu, ilhali mke wangu alitolewa mfupa? – Mume Mwenye Hofu

JIBU: Bwana mheshimiwa, barua yako tuliijibu moja kwa moja siku ile ile ilipotufikia, kwa kuwa mgonjwa wa nyonga hawezi kusubiri toleo lijalo. Tunaichapisha kwa idhini yako, pamoja na jibu refu zaidi, kwa sababu wengi wanaoketi kando ya kitanda cha mwenzi wao hujiuliza maswali haya haya.

Nianze na suala la kusimama, maana hapo ndipo huruma ya mume au mke inapoweza kumdhuru mgonjwa bila mtu yeyote kukusudia. Upasuaji wa nyonga ukishakamilika, hatari kubwa huwa imehama kutoka kwenye mfupa na kuingia kitandani. Mtu mzima anayelala chali mchana na usiku hapanui mapafu yake vizuri, makohozi hujikusanya na nimonia ikafuata. Damu katika mishipa ya miguu huenda polepole na inaweza kuganda. Ngozi ya visigino na ya makalio hukandamizwa hadi ikafanya vidonda. Na misuli ya paja, ambayo ndiyo itakayombeba atakapotembea, hupungua nguvu haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotolewa mwaka 2011, unaagiza kwamba mgonjwa wa nyonga aanze kusimamishwa siku inayofuata upasuaji, isipokuwa kama kuna sababu ya kitabibu ya kumzuia, na kwamba baada ya hapo afanyishwe mazoezi angalau mara moja kila siku. Kichwa cha bandia huwekwa kwa nia kwamba kibebe uzito wa mwili tangu mwanzo, hivyo kwa wagonjwa wengi hakuna cha kungojewa.

Wauguzi wale, kwa hiyo, hawakuwa wakatili, nawe hukutenda kosa kumwonea mkeo uchungu. Ila kuanzia sasa uelekeze uchungu huo kwenye dawa ya maumivu. Uliza saa ya mazoezi, kisha omba dawa itolewe mapema, kwa kuwa kidonge huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kabla ya kufanya kazi, na mgonjwa anayesimamishwa kabla dawa haijamwingia atayaogopa mazoezi ya kesho na ya keshokutwa pia. Halafu ukae mahali anapokuona. Atageuzwa taratibu hadi aketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, na hapo kizunguzungu humshika karibu kila mtu. Usiharakishe kusema arudishwe kulala. Mwambie atazame mbele, avute pumzi ndefu na akunjekunje vidole vya miguu, na mara nyingi kizunguzungu kitapita baada ya dakika chache; kisipopita, au akibadilika rangi, wahudumu wenyewe watamrudisha. Mara ya kwanza huenda akasimama kwa muda mfupi tu, akishika fremu ya kutembelea huku mikono ikitetemeka. Hiyo ni kazi kubwa kwa siku ile, na siku inayofuata itakuwa hatua mbili tatu hadi kwenye kiti.

Kiti nacho kina thamani yake. Mlo wake wa mchana, kuchana nywele na kuzungumza na wageni, yote hayo na yafanyike akiwa ameketi kitini badala ya kulala. Naye ashike kijiko mwenyewe, hata akimwaga kidogo. Nimewaona wanaume wenye upendo mwingi wakiwalisha wake zao ambao mikono yao haina tatizo lolote, na kila tonge walilowalisha lilikuwa zoezi moja lililopotea. Kula kwenyewe kusimamie kwa makini, kwa sababu hamu ya chakula hupungua sana baada ya upasuaji, na jeraha na misuli huhitaji chakula cha kujenga mwili. Kuhusu choo, dawa kali za maumivu hufunga tumbo. Ukiona siku zinapita bila haja kubwa, mwambie muuguzi kabla halijawa tatizo la pili.

Sasa nije kwenye hofu yako kubwa. Mkeo hajapata wazimu. Hali uliyoieleza, inayoanza ghafla, inayopanda na kushuka, na inayozidi jioni, huitwa na madaktari deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, na ni miongoni mwa matatizo yanayowapata wazee wengi sana waliovunjika nyonga. Haina chanzo kimoja. Maumivu yanaweza kuileta, na dawa za kutuliza maumivu hayo pia zinaweza kuileta. Vivyo hivyo upungufu wa maji, mkojo uliojaa kibofuni bila kutoka, maambukizi, kukosa usingizi, na mahali pageni ambapo taa haizimwi na sauti hazinyamazi. Jambo la kwanza la kufanya ni kuwaambia wahudumu waziwazi: “Hii si tabia yake, wiki iliyopita hakuwa hivi.” Daktari aliyemwona kwa mara ya kwanza akiwa amelala kitandani hawezi kujua kwamba bibi huyu ndiye aliyekuwa akiweka hesabu zote za nyumba. Wewe unajua, na maneno yako ndiyo yanayowafanya watafute chanzo badala ya kudhani kwamba ni uzee tu. Iwapo alikuwa ameanza kusahau mambo kabla ya kuanguka, liseme na hilo, tena usilionee aibu. Taja pia dawa zote anazotumia, zikiwamo za usingizi, pamoja na pombe kama anakunywa, kwa kuwa kukatishwa ghafla kwa vitu hivyo kunaweza kumvuruga mtu.

Baada ya hapo, mletee miwani yake, kifaa chake cha kusikia na meno yake ya bandia, kama anavitumia. Inashangaza jinsi vitu hivi vinavyosahaulika nyumbani katika haraka ya usiku ule, kisha mgonjwa asiyeona wala kusikia vizuri anaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Weka saa kubwa mahali anapoweza kuiona, fungua pazia mchana, na usiku omba mwanga upunguzwe kadiri inavyowezekana. Anapokuita kwa jina la marehemu kaka yake, usibishane naye, wala usijifanye kuwa huyo kaka. Mshike mkono, sema jina lako, kisha mweleze kwa sentensi fupi kwamba yuko hospitali, aliumia nyonga, upasuaji umekwisha na wewe upo. Huenda ukarudia maneno hayo mara nyingi kwa jioni moja, na kila mara yaseme kana kwamba ni mara ya kwanza. Wageni waje mmoja mmoja, wale anaowajua vizuri. Asifungwe mikono kwa sababu ya dripu; omba mrija ufungiwe bandeji usionekane, au uliza kama bado unahitajika, na uulize vivyo hivyo kuhusu mrija wa mkojo, ambao ukikaa muda mrefu hualika maambukizi.

Kuna aina nyingine ya hali hii ambayo hupita bila kuonekana, kwa kuwa haina kelele. Mgonjwa hunyamaza, husinzia mchana kutwa, hajibu anaposemeshwa, na watu husema kwamba sasa ametulia. Ukiona utulivu wa namna hiyo, toa taarifa kama ambavyo ungetoa angepiga kelele. Kwa wengi kuchanganyikiwa huku hupungua ndani ya siku chache, kwa wengine huchukua wiki kadhaa, na kwa baadhi yao, hasa waliokuwa na tatizo la kumbukumbu tangu awali, akili haiwarudii kikamilifu.

Kuhusu jirani yenu, nyonga mbili zilizovunjika si lazima ziwe na jeraha la aina moja. Kichwa cha mfupa wa paja, ile duara inayoingia kwenye tundu la nyonga, hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa midogo inayopanda kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hiyo inaweza kukatika. Ukikifunga kichwa kwa skrubu, huenda kikafa polepole na mgonjwa akarudi kupasuliwa tena. Kwa mtu mwenye umri wa mkeo, kwa hiyo, madaktari wengi huona ni heri kukitoa mara moja na kuweka cha bandia. Mfupa ukivunjika chini ya shingo, mahali ambapo damu ni nyingi, au vipande visipohama, hufungwa kwa skrubu na bamba la chuma au kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa. Huenda jirani yenu alikuwa na mvunjiko wa namna hiyo. Hakupata matibabu bora kuliko ya mkeo, wala mabaya zaidi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mume wangu amevunjika nyonga na leo ni siku ya pili tangu alazwe. Jana alinyimwa chakula kuanzia alfajiri, jioni tukaambiwa upasuaji umeahirishwa, na leo amefunga tena. Ana maumivu makali. Nina haki ya kuuliza, au nitaonekana msumbufu? – Mke Anayesubiri

JIBU: Dada yangu, uliza. Mwongozo nilioutaja hapo juu unataka upasuaji ufanyike siku ile ya kulazwa au siku inayofuata, na sababu ya haraka hiyo ni mambo yale yale niliyomweleza mwandishi wa kwanza. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kwa haraka mno, wakilengwa ndani ya saa 6, na waliofuata utaratibu wa kawaida. Vifo havikutofautiana, lakini waliowahishwa walichanganyikiwa kwa uchache zaidi na walisimama mapema zaidi.

Hata hivyo, si kila kuchelewa ni uzembe. Dawa za kuzuia damu kuganda, moyo unaopiga ovyo, upungufu wa damu au chumvi za mwili zilizovurugika, hayo yote huenda yakahitaji kurekebishwa kwanza. Swali lako kwa daktari, basi, liwe na sehemu mbili: ni kitu gani hasa kinachosubiriwa, na kinafanyiwa nini sasa hivi? Sauti yako ikiwa ya upole na swali likiwa mahususi, hakuna atakayekuona msumbufu, na akikuona hivyo, bado umeuliza.

Kuhusu kufunga, utaratibu wa kawaida wa wataalamu wa dawa za usingizi wa upasuaji ni kuacha chakula saa 6 kabla ya upasuaji na maji matupu saa 2 kabla, kwa mgonjwa asiye na tatizo maalumu la tumbo. Mzee kukaa bila tone la maji tangu alfajiri hadi usiku, siku baada ya siku, si jambo la kukubaliwa kimya kimya. Uliza anaruhusiwa kunywa hadi saa ngapi, na mara tu upasuaji ukiahirishwa, uliza kama anaweza kula papo hapo. Kuhusu maumivu, ulizia kama anaweza kuchomwa sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya kinena, ambayo hutuliza nyonga bila kumlewesha sana kama dawa kali za kumeza au za dripu. Wakati mnaposubiri, kunja taulo umwekee chini ya mashavu ya miguu, visigino vikae hewani bila kugusa godoro, nawe uvitazame asubuhi na jioni uone kama ngozi imekuwa nyekundu.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mume wangu, mwenye miaka 69, ataruhusiwa kutoka hospitali wiki ijayo baada ya kubadilishiwa nyonga iliyovunjika. Yeye ni mtu wa mwili mkubwa, mimi ni mwembamba, na nina maumivu ya mgongo. Nitamwinuaje? Tena ni mtu mwenye fahari yake. Amekwisha kusema kwamba hataki kuogeshwa kama mtoto. Na je, atarudi kuwa kama zamani? – Mama wa Nyumba

JIBU: Mama, humwinui. Mtu anayeweza kuruhusiwa kwenda kwako peke yako inapasa awe anaweza kuinuka kwa nguvu zake, wewe ukimsimamia tu. Kama hawezi, hilo ndilo la kumwambia daktari kabla ya siku ya kuondoka, si baada yake. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akutazame wewe na mumeo mkifanya zoezi zima mbele yake. Mumeo asogee hadi ukingoni mwa kiti, autangulize mbele mguu uliopasuliwa, aukunje ule mzima chini yake, kisha ajisukume kwa mikono juu ya mikono ya kiti. Asivute fremu, kwa sababu fremu humwangukia. Wewe simama upande wa mguu uliopasuliwa, nyuma kidogo, mkono wako ukiwa kiunoni mwake kwenye mkanda, na usimvute kamwe kwa kwapa. Penye ngazi, wakati wa kupanda hutangulia mguu mzima, na wakati wa kushuka hutangulia uliopasuliwa. Atakapofikia kutumia fimbo moja, aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi huishika kinyume.

Kiti chake kiwe kirefu na chenye mikono, na cha chooni kiinuliwe pia, kwa sababu akiketi chini sana hatainuka bila wewe. Ondoa mazulia madogo na nyaya zinazokatiza njia, na acha taa ndogo iwake usiku kutoka kitandani hadi chooni. Kuna wagonjwa wanaokatazwa kukunja nyonga kupita pembe ya digrii 90, kupishanisha miguu au kugeuza mguu ndani, ili kichwa cha bandia kisichomoke, na kuna wagonjwa ambao hawana katazo lolote. Inategemea njia aliyotumia daktari na kifaa alichokiweka. Pata maagizo ya mumeo yeye mwenyewe, yakiwa yameandikwa, na usifuate ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kuhusu fahari yake, nadhani iko upande wako. Mwekee kiti bafuni, mpe sabuni na bomba la mkononi, ajioshe kila anapofika mwenyewe, nawe ukae nje ya mlango usiofungwa kwa ndani. Utaingia kwa ajili ya miguu na mgongo tu. Mwanamume asiyetaka kuogeshwa kama mtoto ana sababu nzuri ya kufanya mazoezi, na unaweza kumkumbusha jambo hilo siku anapoyakwepa. Suala ambalo wengi huona haya kuuliza ni la faragha ya wanandoa. Kwa kawaida hurejea baada ya wiki kadhaa, jeraha likiwa limepona na maumivu yamepungua, kwa kuheshimu makatazo yale yale ya mkao. Daktari amezoea kuulizwa.

Huenda akarudi nyumbani na sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo mara nyingi hutumika kwa takribani mwezi mmoja. Asiviache eti kwa sababu anajisikia vizuri. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, jeraha likitoa usaha au akipata homa, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikimkatika ghafla au kifua kikimchoma, au mguu ukafupika na kugeuka kwa maumivu makali, ni dharura. Akianguka, usimvute kumwinua. Mfunike, kaa naye na uite msaada.

Kama atarudi kuwa kama zamani, sitakuahidi. Nguvu nyingi hurudi katika miezi sita ya kwanza na huendelea kuongezeka hadi mwaka, lakini wengi hubaki na fimbo, na baadhi hawaufikii tena mwendo wao wa awali. Alichoweza kukifanya kabla ya kuanguka na bidii yake ya mazoezi huamua mengi. Nawe pia unahitaji kulala. Watoto wenu wakiuliza wasaidie nini, usijibu kwamba hakuna taabu. Mpe mmoja zamu ya usiku na mwingine zamu ya kumpeleka kliniki, kwa siku zinazojulikana.

SWALI: Mke wangu alianguka kutoka kimo chake tu, wala si juu ya mti. Mfupa huvunjikaje kirahisi hivyo, na je, upasuaji umemaliza tatizo? – Msomaji

JIBU: Haujalimaliza. Mfupa unaovunjika kwa kuanguka kutoka usawa wa kusimama kwa kawaida ni mfupa uliokwisha kupungua uimara, hali iitwayo osteoporosisi, na aliyevunjika nyonga moja ana hatari kubwa ya kuvunjika mfupa mwingine. Matibabu yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba dripu ya asidi ya zoledroniki, inayotolewa mara moja kwa mwaka na kuanzishwa ndani ya siku 90 baada ya upasuaji wa nyonga, ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na waliokufa walikuwa wachache kuliko wale ambao hawakuipata. Si dawa ya kila mtu, kwani figo hupimwa kwanza na upungufu wa vitamini D hurekebishwa, lakini ziko nyingine za vidonge na za sindano. Omba pia dawa zake za presha na za usingizi zipitiwe upya, maana baadhi huleta kizunguzungu mtu anapoinuka usiku, na macho yake yapimwe. Barua ya kuruhusiwa isipokuwa na neno lolote kuhusu mifupa, irudishe kwa daktari kabla hamjaondoka wodini.